Nilivyoandaa mashindano ya chai sebuleni kwangu, mgeni akakataa kugusa kikombe

Wakuu, amani kwenu. Na ninyi mnaosoma kimya kimya kila siku bila kuandika hata neno, nawaona pia, karibuni.

Ninachowaletea leo kimetokea sebuleni kwangu, Cyangugu, wilaya ya Rusizi, huku Rwanda. Mashahidi wote wapo hai. Mmoja wao ni mke wangu, na bado anacheka peke yake jikoni akikumbuka. Sijatia chumvi popote, ingawa ningependa sana hadithi hii iwe ya mtu mwingine.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa friji. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini nimezaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, tukarudi huku nikiwa kijana. Nyumbani naitwa Papa Divine, na mke wangu ni Maman Divine. Divine mwenyewe yuko shule ya bweni, hayumo kwenye kesi hii.

Sasa twende.

Kwa miaka mingi Maman Divine alikuwa akivusha nyanya na karoti kwenda Bukavu, beseni kichwani, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Mwaka huu mgongo ukagoma. Daktari akamwambia mambo ya beseni basi.

Mke wangu si mtu wa kukaa bure. Ukimkalisha siku mbili ataanza kupanga upya vyombo vya jirani.

Ndipo akaanza kuchanganya chai. Anachukua majani ya kawaida ya dukani, anakausha viungo na maganda ya machungwa juani, anatwanga, anapima kwa kijiko, anafunga kwenye vipakiti vya karatasi. Nyumba nzima ikawa inanukia. Hata kazini wateja walianza kuniuliza nimejipaka nini, nami nikawa sikatai.

Majirani walinunua. Lakini jirani mnamjua, ananunua pakiti moja ya kukutia moyo, halafu anaanza kupita njia nyingine. Maman Divine alihitaji mteja wa kweli.

Mteja huyo alikuwa Maman Furaha. Ni mama wa Bukavu mwenye mgahawa upande wetu, karibu kabisa na mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Wafanyabiashara wanaovuka asubuhi karibu wote wanapitia kwake kunywa chai na mandazi. Alikuwa ameahidi kwamba Jumapili baada ya ibada atapita kwetu aonje. Akipenda, chai ya mgahawa wake itatoka kwa mke wangu.

Asipopenda? Maman Divine alishaniambia waziwazi. Anarudia beseni, mgongo upende usipende.

Nilipoona uzito wa jambo lenyewe, nikaamua kusaidia.

Wakuu, mwanaume akikaa wiki nzima anatazama video mtandaoni, familia yake iwekwe kwenye maombi.

Nilikuta video za wataalamu wa kuonja chai. Watu wamevaa makoti meupe, wananusa, wanavuta chai kwa kelele, wanaandika. Nikajisemea, hawa ndio wenyewe. Maman Furaha akipokelewa kitaalamu hivi, ataagiza na ya mwakani.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Chai inamiminwa mahali ambapo muonjaji haoni, ili asijue ipi ni ipi. Vikombe vinafunikwa na kupewa namba tu. Aliyeandaa haruhusiwi kuonja mbele ya watu, asije akatoa siri kwa uso. Maziwa hakuna, eti yanaficha ladha. Na muonjaji akishaisikia ladha mdomoni, hamezi. Anatema kwenye ndoo.

Watu wa huku kwetu mkisoma hapo najua mmeshashika kichwa. Wa mbali vumilieni, mtaelewa sasa hivi.

Nilipomweleza Maman Divine, aliacha kutwanga, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

"Papa Divine, batu ba huku banakunywaka chai. Habaipimake."

Nikamwambia hii ni sayansi. Akarudia kutwanga, nikadhani nimeshinda.

Alikuwa na michanganyiko mitatu: ya vanila, ya karafuu na mdalasini, na ya ganda la chungwa. Mimi nikaongeza boksi la dukani lenye picha ya stroberi, ili Maman Furaha alinganishe aone tofauti. Hapo zikawa nne. Lakini kwenye video vikombe vilikuwa vitano na vilipendeza sana kwenye sinia, kwa hiyo nikadai cha tano.

"Cha tano nitie nini?"

"Chochote."

Akachukua mchaichai aliotumiwa na mama yake kutoka Nzahaha, akautupia sufuriani na kipande cha tangawizi na majani ya chai kidogo. Ile ndiyo chai tunayokunywa wenyewe tukiwa hatuna mgeni. Wala hakuwa ameifungia pakiti.

Jumapili ikafika. Maman Furaha akaja na kitenge chake cha kanisani, amejaa sebule yote kwa heshima. Nyuma yake akaingia Mzee Gaspard, jirani yetu, dereva mstaafu aliyebeba mchele wa Bugarama maisha yake yote. Yeye hakualikwa na mtu, aliitwa na harufu.

Wakakaa. Mimi nikaingia jikoni, nikavuta pazia mpaka mwisho asionekane mtu, nikamimina. Nikafunika kila kikombe kwa kisahani chenye karatasi ya namba. Nikatoka na sinia, nikaliweka mbele yao. Kisha nikarudi kuchukua ndoo, nikaiweka karibu na miguu ya Maman Furaha.

Halafu nikasimama, mikono nyuma, nikatoa hotuba ya utaratibu.

Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.

Maman Furaha alitazama vikombe. Akatazama pazia. Akatazama ndoo. Mwishowe akanitazama mimi.

"Papa Divine, hii chai bameimimina wapi?"

"Kule nyuma, Maman." Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Na we haukunywe?"

"Hapana, mimi siruhusiwi hata kugusa."

"Na mi niteme? Niteme chai mu nyumba ya batu?"

"Ndiyo Maman, usimeze kabisa. Ukimeza utaharibu."

Mzee Gaspard, ambaye mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kikombe namba mbili, aliurudisha taratibu mapajani.

Ninyi wa mbali, hapa niwaeleze. Huku kwetu, pande zote mbili za mto, kinywaji kinafunguliwa mbele ya mgeni. Soda au bia, mgeni aone kizibo kikitoka. Na mwenye nyumba anaonja kwanza yeye, kisha anampa mgeni. Kwa Kinyarwanda tunasema gusogongera. Ni heshima, tumeipata kwa wazee.

Lakini tuseme ukweli, nyuma ya heshima ile kuna hofu. Bukavu hofu ya sumu si mchezo. Dada mkubwa wa Maman Furaha aliugua baada ya karamu ya harusi na hakupona. Hospitali walisema ini. Ukoo walisema kikombe. Mimi nilikuwepo msibani, nilisikia kwa masikio yangu wakibishana.

Na huyo ndiye mama niliyemwekea vikombe vilivyomiminwa nyuma ya pazia, vimefunikwa, mwenye nyumba hagusi, halafu namwambia asimeze. Naandika hapa nikiona aibu, si utani.

Maman Furaha akakunja mikono juu ya mkoba wake.

"Merci sana, Papa Divine. Nilishakunywa ku nyumba."

Kwa wasiojua, sentensi hiyo kwetu maana yake ni kwaheri. Alishaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

Ningenyamaza hapo labda ningeokoka. Lakini nilitaka kurekebisha.

"Maman, hakuna sumu!"

Wakuu. Hakuna mtu aliyekuwa ametaja sumu. Neno hilo nililileta mimi mwenyewe, nikaliweka mezani katikati ya vikombe vitano.

"Yezu wangu," akasema Mzee Gaspard kwa sauti ndogo.

Pazia likafunguka. Maman Divine alikuwa jikoni muda wote, amesikia kila kitu. Nikajiandaa kufokewa mbele ya watu, na ningestahili. Hakunitazama hata kidogo. Aliinama akachukua ndoo, akanikabidhi.

"Peleka inje."

Kisha akaenda kukaa, si kiti cha mbele ya Maman Furaha bali ubavuni kwake, bega kwa bega. Akaondoa visahani vyote na vinamba vyangu, akavirundika pembeni. Akachukua kikombe cha kwanza.

"Maman, hii ni ya vanila. Nilipika mi mwenyewe, na mikono yangu."

Akanywa. Akameza, tukaona koo likipanda na kushuka. Akageuza kikombe, akakipanguza ukingo kwa kitambaa, akakitoa kwa mikono miwili.

Maman Furaha hakukitazama kikombe. Alimtazama yeye. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu, nikiomba kimoyomoyo kuliko nilivyoomba kanisani asubuhi ile.

Akapokea, akanywa.

Niliegemea ukuta kwa furaha. Ningeweza kulia, ila Mzee Gaspard alikuwa ananiangalia.

Kuanzia hapo kazi ikaenda. Sayansi yangu ilishakufa, kila mtu anajua kila kikombe kina nini, lakini watu walikuwa wanakunywa.

Vanila ilikuwa ndiyo niliyoibetia mimi. Maman Furaha alisema inanukia vizuri, kama bibi harusi, ila wateja wake hawaendi harusini.

"Batu bangu banaamuka saa kumi ya asubui. Banaogopa batu ba douane ku mpaka. Banataka kitu ya kutuliza roho."

Ya karafuu na mdalasini akasema ni ya Noeli, mara moja kwa mwaka inatosha. Ganda la chungwa likampendeza mwanzoni, halafu akakunja mdomo, maana lina uchungu unaobaki ulimini. Mzee Gaspard alilipenda sana. Aliomba maziwa, akaomba sukari, akaomba na kikombe kingine.

Ikafika stroberi ya boksi. Maman Divine akaonja, na uso wake ukajikunja wote kabla hajauzuia. Maman Furaha akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hapana kunipa ile. Sura yako imeshaniambia."

Mzee Gaspard, ambaye hajui kushindwa, akaichukua yeye. Akaifikiria kidogo.

"Hii ni sabuni, minaogaka nayo," akasema, akairudisha mezani.

Kikabaki kile cha tano, cha kujazia sinia. Kilikuwa kimeshapoa kidogo. Maman Divine aliomba radhi mapema, akasema hii si ya kuuza, ni Papa Divine tu alitaka vitano. Akaonja.

Akaanza kueleza kwamba mchaichai huu mama yake ameupanda kuzunguka nyumba pale Nzahaha, na anaukata kwa kisu, haung'oi, ndiyo maana hauishi. Akanywa tena. Akasema wakiwa watoto walikuwa wakirudi shambani wamelowa mvua, wanakuta sufuria imekwisha kuchemka, wanapewa mmoja mmoja kuanzia mdogo. Akanywa tena. Akasema mama alikuwa anakunywa wa mwisho, na mara nyingine hakikubaki kitu, naye anasema hana kiu.

Akanywa tena.

Mkono wa Maman Furaha ulikuwa umenyooka hewani muda wote huo, unasubiri kikombe.

Maman Divine alipoangalia chini, kilikuwa kimebaki kidogo sana. Akashtuka, akafunika mdomo.

"Pardon, Maman! Pardon! Niende nikuletee ingine."

Maman Furaha akamshika mkono asiinuke. Akakichukua kikombe kile kile, akanywa kilichobaki mpaka tone la mwisho. Akakiweka chini.

"Njo hii yenyewe," akasema. "Zile zote ulinipatia mbio mbio. Hii ulisahau kunipa."

Ameagiza, wakuu. Mgahawa mzima, asubuhi zote. Aliweka masharti mawili. La kwanza, birika la kwanza la kila Jumatatu Maman Divine aende mwenyewe kulionja mbele ya wateja, wamwone anayewapikia. La pili linanihusu mimi, nalo ni kwamba nitengeneze friji yake ya bia na chai niikalie mbali.

Nimekubali yote mawili bila kujitetea.

Somo nililopata ni hili. Mimi nilidhani kuonja ni kazi ya ulimi, nikamfichia mgeni kila kitu ili ulimi ufanye kazi vizuri. Kumbe mtu hawezi kuisikia ladha akiwa anaogopa. Utaratibu wa wale wa makoti meupe sina shida nao, ni wa kwao na unawafaa. Wa kwetu nilikuwa nao tangu utotoni, nikauacha nje ya mlango kwa sababu haukuwa na video.

Na kwa wenye michanganyiko yenu huko majumbani, acheni kuniuliza inbox vipimo vya mchaichai. Muulizeni mama mkwe wangu, naye hatawaambia.

Haya, uwanja ni wenu. Wa pande za kwetu semeni kama nimedanganya kuhusu kizibo. Wengine wote niambieni kitu kimoja: ni chai ya nani ambayo ukianza kuionja mbele ya mgeni, utasahau kumpa?