Mkaja Nilioulegeza

Mwanangu, mwenye mimba yake ya kwanza ya miezi minane, ndiye aliyenipeleka kwenye ile kliniki ya Changamwe kupunguza tumbo. Njiani akaniambia, "Nikijifungua nakuja kwako arobaini yote. Mkaja unifunge wewe, Mama, kama bibi alivyokufunga." Nikaitikia inshallah, haraka mno.

Binti wa kliniki alinieleza vizuri: mawimbi ya redio yatapasha mafuta joto chini ya ngozi, hakuna kisu wala sindano. Nikamuuliza kama tutapata na taarifa ya habari. Hakucheka. Akanipaka ute wa baridi, akaanza kunipitishia kichwa cha mashine tumboni.

Joto lile nilikuwa nalijua. Nilipomzaa huyu mwanangu nilirudi kwetu Kisauni kulelewa, na kila asubuhi mama alinikanda kwa taulo na maji ya moto, kisha akanizungushia mkaja, ile nguo ndefu ya kubana tumbo la mzazi. Aliniwekea goti ubavuni, akavuta mpaka nikaona nyota.

"Mama, sipumui."

"Utapumua. Tumbo lisiporudi sasa, halirudi tena."

Mimi na ujuaji wangu. Akienda jikoni kunikorogea uji wa pilipili manga, naulegeza. Nikisikia kandambili zake, naukaza upesi, fundo la ovyo ovyo. Alikuwa akiliona, naamini. Alilifungua bila neno, akafunga upya. Laiti angenigombeza. Leo ni marehemu, na namtamani hata ule ukali wa goti lake.

"Joto limezidi, mama?" binti aliuliza, maana machozi yalikuwa yakinitoka.

"Ongeza kidogo," nikamwambia.

Nilipotoka, mwanangu alikuwa kwenye benchi, miguu imemvimba, anapepewa na feni. Akanishika tumbo kupima kama limepungua. Nikaona nikinyamaza sasa nitamdanganya mpaka siku yenyewe.

"Mkaja sijui kuufunga," nikasema.

Akaniangalia. "Lakini si ulifungwa siku arobaini nzima?"

"Nilifungwa," nikamjibu. "Kila siku nilikuwa naangalia dari, nangoja amalize. Mikono yake sikuitazama hata mara moja."