Baba Aliyepanda Kilimanjaro

Mama yangu aliolewa kwa kosa la kitenzi. Nalisema hilo nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na nalisema kwa shukrani, maana bila kosa hilo nisingezaliwa.

Baba, kijana wa Matiri, alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Moshi. Alirudi na kofia ya sufu ya kufunika masikio, na baada ya siku chache akawa na kidole kimoja cha mguu pungufu, pamoja na habari kwamba amepanda Kilimanjaro. Huko alikuwa pia mpagazi wa Wazungu. Alisimulia barafu ya kileleni inavyounguza kama makaa, na ilivyomla kidole. Watu wa Matiri hawakushangaa sana. Huku kwetu mtu hupanda mlima kila asubuhi na jembe begani, na akifika juu ana la kufanya. Walimwuliza kule alilima nini. Akasema hakuna kinachoota. Wakampa pole.

Bibi mzaa mama alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, na Kiswahili chake kilitosha kusali na kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Mshenga alipofika kumposea baba alimsifu, "Kijana huyu amepanda Kilimanjaro." Bibi akasikia shamba. Alijua Kilimanjaro kuna kahawa, na aliyepanda huko halali njaa. Kwamba sisi ni Wakatoliki na yeye Mwanglikana kungeweza kuvunja posa, lakini shamba lilifunika yote. Akamtoa binti yake.

Miaka ikapita asiulize, maana mama mkwe hamhoji mkwe. Alijisemea kahawa ile imepelekwa ushirika, na mtu akishapeleka ushirika husubiri. Kisha redio ikatangaza kwamba sasa wanunuzi binafsi ruksa, kila mkulima amuuzie amtakaye. Bibi akaona udhuru umekwisha. Akapanda lori na gunia la usipa, akaja Matiri.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya pale. Siku hiyo barazani kwetu alikuwapo mnunuzi wa kahawa aliyekuja na pikapu yake, mzaliwa wa Moshi, akinywa chai. Tangu amwone, baba alikuwa ameivua ile kofia na kuikalia.

Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Bibi aliketi ndani nyuma ya mlango, baba barazani, nami kizingitini nikipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mtu aliyasikia.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "kahawa yake ya Kilimanjaro sasa anamuuzia nani?"

"Mwambie bibi yako sijaelewa."

"Mwambie ile aliyopanda."

Nilielewa kabla yao. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefundisha darasa la tano maneno yenye maana zaidi ya moja. Nikaanza kueleza kwamba kuna kupanda mbegu na kuna kupanda mlima, bibi akanikatiza. "Hakuna anayepanda mlima bila kupanda kitu. Angekuwa amekwenda kufanya nini?"

Mnunuzi alicheka mpaka chai ikammwagikia, kisha akataka kumsaidia mwenyeji wake. "Shikamoo mama. Mzee alipanda kwa miguu, na si jambo dogo. Eti mzee, kule kileleni mlifika saa ngapi?"

Baba akaikalia kofia vizuri zaidi. Hapo niliogopa. Kitabu cha shule kilisema Mjerumani ndiye wa kwanza kufika kileleni, bila kusema nani alimbebea chakula, na mimi pengo lile nililijaza darasani kwa kumtaja baba yangu, mpagazi aliyefika. Jikoni sufuria zilikuwa zimetulia. Mama alikuwa anasikiliza. Shamba halikuwapo, na kama safari nayo ilikuwa uongo, basi yeye aliolewa kwa nini?

"Mwambie bibi yako," baba akasema, akiangalia miguu yake, "nilifika kibanda cha mwisho. Wageni na kiongozi wao ndio walioendelea. Mimi niliambiwa nibaki na mizigo, niwapikie uji wa kunywa wakirudi."

"Na kidole?" bibi akauliza.

"Jembe."

"Jembe la wapi?"

"La hapa hapa. Wiki niliyorudi."

Bibi akasogea karibu na mlango. "Mwulize, mzigo aliufikisha alipoambiwa?"

"Niliufikisha."

"Ulipungua?"

"Haukupungua."

"Basi la miguu nimemsamehe. Lakini binti yangu nilimtoa kwa shamba. Mwambie apande."

Baba alipanda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko mkali ambao hata sisi Wamatengo, watu wa kulima milimani, tulikuwa tumewaachia mbuzi. Alichimba mashimo msimu mzima, kofia ya sufu kichwani, mama akimbebea miche na kumcheka waziwazi. Majirani wakauita mteremko ule Kilimanjaro. Wanunuzi wakaja, wengine wakaacha kuja, bei ikapanda na kushuka, kahawa ikaendelea kukua.

Ilipozaa mara ya kwanza bibi alikuja kuiona, na akataka kufika juu kabisa. Baba akatangulia na kapu la bibi na kigoda, mgongo umegeuka kama desturi inavyotaka, mimi nikimshika bibi mkono. Mstari mmoja wa kahawa kabla ya kufika juu baba akatua mzigo, akajitenga pembeni. Tukampita. Bibi akaketi kileleni akihema, akaitazama kahawa yote chini yake, kisha akauliza baba yuko wapi.

"Amebaki na mizigo, bibi," nikasema.

"Mwambie aje. Sitamtazama."

Akageuza uso upande wa ziwani, na baba akapanda.