Ubao Ulionunuliwa Mkubwa

Rwamba alifika umri wa miaka thelathini na moja bila mtu kumnunulia kitu cha saizi yake. Sweta ya darasa la kwanza ilimfika magotini. Viatu vya shule alivijaza magazeti mbele ili visimtoke, na akikimbia uwanjani alianguka, akainuka, akaanguka tena huku wenzake wakishika mbavu. “Utakua, binti yangu,” mama yake, Cicily, alimwambia. Na kweli alikua, lakini siku mguu ulipokutana na kiatu, soli ilikuwa imekwisha. Kijiji kizima cha Kanja kilivalisha watoto wake hivyo na hakuna aliyeona ubaya. Rwamba aliuona, akauweka moyoni.

Baada ya shule alipata kazi ya jikoni katika hoteli ndogo kando ya bwawa, kule chini Mbeere, ambako upepo wa alasiri hupiga mabati mpaka yapige kelele. Hoteli ilikuwa na mbao za kutelezea majini, zile unazosimama juu yake huku umeshika tanga. Wageni walizikodisha, wakaanguka nazo kidogo, kisha wakaomba chai. Rwamba alianza kuzipanda akimaliza kuosha sufuria. Haikuchukua muda wageni wakawa wanaacha chai ipoe ili wamtazame yeye.

Mara mbili hoteli ilimpeleka pwani pamoja na wageni, na huko ndiko alikokutana na mawimbi, na huko ndiko alikojua kwamba ubao huchaguliwa. Wenye mchezo huupima kwa lita, yaani uwezo wake wa kukubeba usizame. Bwawani maji yametulia, ubao mkubwa ni starehe, hata upepo ukikata unabaki umesimama. Kwenye wimbi ni balaa. Ubao uliokuzidi hausikii. Unaulalia upande ili ugeuke, wenyewe unadundadunda juu ya maji, na wimbi likivunjika linaunyakua na wewe unafuata. Mdogo kupita kiasi nao unazama chini yako kabla upepo haujakukamata. Basi mtu anaangalia kilo zake, anachukua lita zinazokaribiana nazo, anaongeza kidogo tu za kumrudisha ufukweni upepo ukilegea. Rwamba alikuwa na kilo hamsini na nane. Aliazimwa ubao wa lita sabini alasiri moja, ukageuka kila alipogeuza macho, akaurudisha kwa mwenyewe akitamani kulia.

Mwaka uliofuata alialikwa kwenye mashindano ya mawimbi huko huko pwani. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na ubao wake. Kanisa la Kanja liliposikia likaitisha harambee, na watu wakatoa, wakiwemo wale walioamini bahari ni bwawa lililotiwa chumvi.

Sasa, kitu cha harambee hakinunuliwi na anayenunuliwa. Hununuliwa na kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Gichovi, mtu wa kahawa na ng'ombe wa maziwa, asiye na doa. Rwamba alimfuata mpaka kwake.

“Mzee, ni lita sabini. Ikikosa, sabini na tano. Isipite hapo, tafadhali.”

“Nimeshika, mwanangu. Wewe endelea na mazoezi.”

Alishika nini, Mungu ndiye ajuaye. Jumapili ile pikapu iliingia uwanja wa kanisa, kina mama wakapiga vigelegele, turubai likafunuliwa. Ubao ulikuwa mpana kama meza ya kulia chakula. Pasta aliuombea, wazee wakauwekea mikono, picha zikapigwa. Rwamba alipoinama kuugusa akaona namba iliyoandikwa kando ya mikanda ya miguu: mia moja na arobaini. Ilikuwa mara mbili ya aliyoomba!

Mzee Gichovi akamnong'oneza kwa furaha tele, “Bei ilikuwa ile ile, fikiria! Sasa nani ataacha kubwa achukue ndogo? Hata ukinenepa itakutosha.”

Hata ukinenepa. Mwanamke mzima, na bado alikuwa ananunuliwa kitu cha kukulia ndani yake! Alisema asante kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mkononi na kanisa zima lilikuwa likimtazama.

Kesho yake alirudi kwa mzee kumweleza kwa upole. Alieleza wimbi, akaeleza kilo, akaeleza kwamba kwa ubao ule ataburutwa mpaka kwenye miamba, na kwamba duka lilikuwa tayari kuubadilisha, alikuwa ameshapiga simu. Mzee alisikiliza akikamua ng'ombe.

“Kitu ikishaombewa hairudi dukani,” akasema, akaendelea kukamua.

Rwamba alitoka pale na hasira. Angewasamehe kama wangekosa kujua, kwani bahari wangeijulia wapi? Lakini aliwaambia! Aliwaambia kwa mdomo wake, akarudia, wakaitikia kwa kichwa jinsi mtu mzima anavyomwitikia mtoto anayetaka sukari. Hasira hiyo haikumtoka wiki nzima, akipika nayo, akilala nayo.

Jumapili, wakati wa matangazo, aliingia kanisani akiwa amevaa gambuti za mpira za kaka yake Kithaka, jitu la futi sita. Zilimfika juu ya magoti. Alipofika katikati ya viti akaanza kukimbia kuelekea madhabahuni, kwatu, kwatu, kwatu, na kabla hajafika zikamkata miguu, akaenda chini kifudifudi. Watoto waliangua kicheko. Mtu akasema, “Woi, ameumia!” Alikuwa ameumia kweli, goti lilikuwa linatoka damu.

Akaketi pale pale sakafuni. “Hapa ni simiti,” akasema, “na simiti haisongi. Kule ni maji yanayonirukia. Nyinyi mumeninunulia gambuti ya Kithaka, halafu mnaniambia niende nikakimbie nayo juu ya wimbi. Niliomba saizi yangu. Ni makosa gani kuomba saizi yangu?”

Mzee Gichovi alisimama polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na furaha yoyote usoni.

“Rwamba, wacha niseme ukweli. Hiyo ndogo niliiona. Niliishika na mkono. Inakaa kama kitu ya mtoto. Ningeleta hiyo hapa, mbele ya watu wametoa jasho yao, wangesema nini? Wangesema kamati imekula pesa.”

Watu wakatazama chini, kwa sababu ndivyo wangesema, na kila mmoja alilijua hilo.

“Kwa hivyo mimi nivunjike shingo ndio nyinyi muonekane wasafi?” Rwamba alipiga kelele, ndani ya kanisa, na hakujali.

Hapo ndipo Cicily alipoinuka kutoka viti vya kina mama. Hakuwa mwanamke wa kusema mbele za watu. Alitembea mpaka kwa binti yake, akapiga magoti, akavuta gambuti moja, kisha ya pili, akaziweka kando. Akautazama kwa muda mrefu mguu ule uliobaki wazi.

“Gichovi,” akasema, bado amepiga magoti, “rudisha hiyo kitu. Lete ile amesema. Na kama watu watasema pesa imeliwa, waambie ni Cicily amekula.”

Ubao wa lita sabini ulikuja bila turubai wala vigelegele. Rwamba alikwenda nao pwani, akapanda mawimbi siku tatu bila kuvunjika popote, akarudi na nafasi ya nne.

Na watu walisema, bila shaka. Walisema sokoni, walisema kwenye kituo cha kahawa, kwamba ile kubwa ilirudishwa ndio Cicily apate chake. Siku moja Rwamba alimkuta mama yake akiuza nduma, na mteja mmoja ameinama kumuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli alikula. Damu ikampanda Rwamba kichwani, akafungua mdomo.

Cicily alimwahi. Alimfungia mteja nduma zake, akamkabidhi.

“Nilikula,” akasema. “Enda uwaambie.”