Meno ya Bonane

Bonane iliyopita, yaani sikukuu yetu ya mwaka mpya, watoto wangu walichanga, wakaninunulia sahani. Nyeupe, zenye maua madogo pembeni, zimepangwa ndani ya katoni na nyasi kavu ili zisigongane. "Mama, sasa kila muntu na yake," binti yangu alisema, na wote wakauangalia uso wangu waone kama zawadi imependwa. Nikasema aksanti. Ni sahani nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilipoinua ya kwanza niipanguse, niliirudisha katonini, nikatoka nje kukaa kidogo karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Wewe unayenisoma utajiuliza, sahani safi inamchefuaje mtu mzima? Ngoja nikueleze, ingawa mimi si mtu wa shule nyingi na sijui kama nitayapanga maneno yakae vizuri.

Kwetu mtaani Kampemba, nilipokuwa mtoto, tulikula sahani moja. Ilikuwa ya emaye, yaani bati lililopakwa rangi ngumu, pana kama beseni, rangi imeambuka ukingoni. Bukari, ndiyo ugali wetu, ilikaa katikati ikitoa moshi, mboga bakulini pembeni yake, na mikono yetu yote iliingia humo: ya baba, ya mama, ya tantine ambaye ni dada wa baba na alikuwa hajaolewa bado, ya nkambo, bibi yangu aliyewazaa baba na tantine, na wangu. Upande wangu ulikuwa upande wa nkambo. Hakuwa na jino la juu hata moja. Kazi yangu ilikuwa kumchambulia nyama kwa vidole hadi iwe nyuzi. Vinkubala, wale viwavi wakavu wa kukaanga ambao sisi huku tunawapenda kuliko samaki, alivinyonya tu mpaka chumvi iishe, halafu ananipa nimalizie kutafuna. Nilitafuna. Sikuwahi kuona kinyaa. Mate ya nkambo kwangu hayakuwa mate.

Zawadi zilitolewa siku ya Bonane, baada ya misa, viatu vikiwa bado na matope ya mvua. Nyingine ziliwafurahisha watu, nyingine hapana. Mwaka mmoja baba alimpa mama beseni la kufulia, mama akaimba hadi jioni. Mwaka mwingine alimpa tantine viatu vyeusi vya kamba, vya mwanamke mzee kabisa. Tantine alisema ni vizuri mno, akaviweka juu ya kabati, na panya akazalia ndani ya kimoja. Mama alimpa baba soksi, kila mwaka soksi. Nadhani baba alizipenda, au labda alikuwa mtu wa adabu tu.

Mwaka ninaousema alikuja baba mudogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akichuuza vitu vidogo-vidogo kule Kambove. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo mapema, kwa sababu mbele huko utataka kumchukia. Alimpenda mama yake. Aliingia anacheka, ameshika kitambaa cha jasho kilichofungwa fundo.

"Mama, funga macho. Fungula mukono."

Nkambo alifunga macho. Baba mudogo akalegeza fundo, akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa na ufizi wa rangi ya sabuni ya kuogea, na meno yake ya manjano, marefu ya mbele, na katikati ya jino na jino palikuwa na mstari mweusi wa chakula cha zamani.

"Njo nini hii?"

"Meno, mama! Meno ya Bulaya! Leo utakula kuku sawa banamuke bengine!"

Baba alicheka kwanza. Kisha akaacha. "Weye, ulitosha wapi? Nani alikupatia?"

"Kulikuwa mama mumoja kule Kambove, muntu muzuri sana, alikufa mu mwezi wa kumi. Mutoto yake njo alinipatia. Angalia, iko nzima!"

"Yesu!" tantine alisema. "Ya mufu?"

"Ya mufu wapi? Alikufa yeye. Meno haikukufa."

Mama alikuwa mkwe tu nyumbani mle, na mkwe hupima neno. Aliyachukua kwa ncha ya kitambaa, akayachemsha na chumvi katika sufuria ndogo ya maziwa. Nilichungulia. Maji yaligeuka kijivu, na juu yake ikaelea ngozi nyembamba ya mafuta. Mafuta yale yalitoka kwa kuku gani, na aliyemla alikuwa nani? Sikumaliza kufikiri. Sufuria ile haikuona maziwa tena.

Nkambo aliyavaa mbele ya kioo cha tantine. Yalikuwa makubwa kidogo kwake. Alipogeuka kutuonyesha, nilimwona mtu nisiyemjua akicheka kwa sauti ya nkambo.

Tukakaa kula. Kuku, sombe ya majani ya muhogo, vinkubala. Nkambo aliweka kinkubala mdomoni, akauma, kikalia kri. Macho yake yakajaa maji. "Mwana, sikia vile inalia," aliniambia. Aliuma kingine, na kingine, na hakunipa hata kimoja, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, nadhani nilifurahi. Meno yaligonga ta, ta, ta. Halafu baba mudogo akasema kitu cha kuchekesha, nkambo akafungua mdomo wote, na meno yakatoka. Yalianguka katika bakuli la mchuzi, yakazama nusu, meno ya mbele yakabaki juu kama mtu anayeoga. Nkambo aliyatoa kwa vidole viwili, akayanyonya mchuzi, akayarudisha.

Mikono yote ilisimama. Tantine aliinuka. Tulimsikia nyuma ya jikoni akitapika, na jirani akimuuliza ng'ambo ya ukuta kama ni malaria.

Jioni, watu wazima walizungumza chumbani, na pazia halizuii sauti. "Miye siwezi tena," tantine alisema. "Bamupatie sahani yake peke yake."

"Ni mama yetu," baba alijibu.

"Mama ni yetu. Kinywa ni ya ule mufu."

Ninapaswa kukueleza uzito wa neno hilo. Katika mitaa yetu, mtu aliyepewa sahani ya peke yake alikuwa anakohoa damu, au ni mzee ambaye familia imeanza kumwogopa na kumnong'ona kuwa analoga. Mzee kama huyo, akishatengwa kwenye chakula, watoto wa jirani huacha kumsalimia. Nkambo alilijua hilo. Alikuwa amekaa kitandani kwake, karibu nami, na maneno yote yalitufikia. Aliyatoa meno taratibu, akayatia katika kikombe cha maji. Kilikuwa kikombe changu cha kunywea. Nilikitazama, meno yanang'aa ndani, yamekuzwa na maji. Sikukitumia tena, wala hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake nkambo alikuja kula bila meno. Alikaa mahali pake, mdomo umedidimia kama zamani. Tantine naye alikuja, akala kwa upande wa mbali, haraka. Nkambo alichukua kinkubala, akakinyonya, na kwa mazoea akaninyooshea nimalizie. Nilikiona kinang'aa mate. Mkono wangu haukwenda. Sikukataa, haukwenda tu. Nkambo alingoja kidogo, kisha akakiweka pembeni ya bukari, na kikakaa hapo mpaka tukamaliza. Mama aliona yote.

Siku iliyofuata mama alirudi sokoni na sahani ndogo za plastiki, rangi mbalimbali, akazipanga chini mbele ya kila mmoja wetu. Ile kubwa ya emaye alikuwa ameshaitundika msumarini.

"Toka leo, kila muntu na sahani yake," alisema. "Njo vile Bazungu banakulaka." Akamgeukia nkambo. "Mama, na weye rudisha meno yako. Kuku iko na mifupa."

Baba alifungua mdomo aseme, akauona uso wa mama, akavuta sahani yake. Tantine akavuta yake. Hivyo hakuna jirani aliyeweza kusema kwamba mwanamke mzee ametengwa, kwa sababu tulikuwa tumetengwa wote.

Nkambo alikula vizuri tangu siku hiyo. Lazima niseme haki: kati ya zawadi zote za Bonane nilizoziona, hakuna iliyompendeza mtu kama ile ilivyompendeza yeye. Alikula mahindi ya kuchoma akiwa amekaa mlangoni, na kuwaita wapita njia wasikie. Na tantine, usimfikirie vibaya. Nkambo alipougua, ni yeye aliyemwosha kila asubuhi, na meno yale pia, kwa mswaki, akiwa amegeuza uso pembeni.

Nkambo alipokufa, baba mudogo alilia kuliko wote, kilio cha kweli. Baada ya maziko tulikuwa tumekaa chini matangani, naye akamsogelea mama, shemeji yake, akainamisha kichwa.

"Mulamu, ile meno iko wapi? Mama mukwe yangu kule Kipushi hana hata moja. Na Bonane iko karibu."

Mama alikaza kitenge chake kiunoni. Nilidhani atampiga.

"Iko naye mu kaburi," alisema. "Alifunga mudomo."

Wanawake wa matanga hawakujua desturi yetu mpya. Waliona sahani ya emaye ukutani, wakaishusha, wakaiosha, wakatuletea bukari ndani yake, sisi watu wa nyumba, na mboga katikati. Tukaizunguka. Upande wa nkambo ulikuwa wazi pembeni yangu. Bukari ikatoa moshi, moshi ukaisha. Hakuna aliyetangulia kuweka mkono. Mwishowe baba alisema kwa sauti ya chini, "Mwana, kalete sahani." Nikaenda kuzileta.

Sijui nimlaumu nani. Nimejaribu mara nyingi, na kila nikimfikia mtu naona alikuwa na sababu yake. Watoto wangu hawajawahi kula mkono kwa mkono na mtu, niliwahi kuwaambia tujaribu, wakacheka, wakasema, "Mama, iko uchafu." Labda ni kweli. Sahani zao nimezipanga kabatini na ninazitumia. Ila hata leo, nikiwa peke yangu na sahani yangu yenye maua, kabla ya kuchovya tonge nauzungusha mchuzi kwa kijiko, polepole, mpaka nione chini.