Laptopu Yangu Kwenye Gari la Jeneza

Jamani, hili hata mke wangu sijamsimulia lote, maana kuna aibu mtu unazeeka nayo kifuani, lakini leo acha niseme.

Baba mdogo alifariki nyumbani kwake Bujonde, na mvutano ukaanza msiba ukiwa bado mbichi: baba yangu na ndugu zake walitaka azikwe Ikolo walikolala wazee wao, mama mdogo akataka azikwe palepale, kwenye kakao aliyoipanda marehemu kwa mikono yake. "Nimwone kila nikiamka," alisema hivyo tu, hakubishana na mtu. Akashindwa. Mjane ana sauti gani mbele ya ukoo?

Mimi nilipewa kazi ya kusoma wasifu makaburini. Karatasi ilikuwepo, imeandikwa vizuri kabisa, ila mimi (msomi wa familia, na tai shingoni) nikaona nitasomaje karatasi wakati laptopu ninayo, na laptopu yenyewe haina chaji, na umeme ulikatika tangu mvua ya jana yake, basi nikaingia kwenye pikapu ya Gwakisa iliyokuja kubeba jeneza, nikachomeka inveta, kile kidude cha kuchajia kwa betri ya gari, kwenye tundu la kuwashia sigara, laptopu nikaisukuma chini ya kiti, nikazungusha ufunguo nusu, injini sikuwasha, nikaenda zangu kwenye ibada. Na ibada za kwetu mnazijua, kila mwenye neno alisema.

Jeneza likapakiwa. Gwakisa akazungusha ufunguo: kimya. Akarudia: kimya. Watu wakaanza kutazamana. Bibi mmoja wa upande wa mama mdogo akasema kwa sauti, "Hataki kwenda."

Basi! Neno likazunguka uwanja mzima, hataki, mwenyewe hataki, na mama mdogo, ambaye hakuwa amelia kwa sauti tangu msiba uanze, akaikumbatia bodi ya gari. "Ndaga, mume wangu, ndaga! Umenisemea!" (Ndaga ndiyo asante yetu.) Wazee wakateta pembeni, wakarudi wameinamisha vichwa, baba akasema, "Haya, leteni majembe. Achimbiwe hapahapa."

Mimi nilishajua ni nini. Mama mdogo akakimbilia kwenye kakao kuonyesha mahali, "hapa, hapa kwenye kivuli," na nilivyomwona uso ule, nikasema moyoni bora nife na siri yangu.

Ndipo inveta ikaanza kulia kwamba betri imekwisha, piii, piii, kutoka kwenye gari lenye maiti! Akina mama wakatimua mbio, khanga zinadondoka, mchungaji analitaja jina la Yesu, na Gwakisa akafungua mlango, akavuta waya mpaka laptopu ikaning'inia.

"Nani huyu kanimalizia betri?"

Watu wote wakanigeukia mimi na tai yangu.

Tukasukuma, mimi nikiwa wa kwanza, matope mpaka magotini, likawaka, na baba mdogo akapelekwa Ikolo. Mama mdogo ilibidi ashikwe mikono ndipo apande. Wasifu nilisoma kwenye karatasi, na sidhani kama kuna aliyenisikiliza.

Siku hizi sichomeki hata simu kwenye gari, liwe langu au la mtu. Nilimwendea mama mdogo kumwomba radhi, nikapiga magoti, akaniinua, akanikaribisha ndizi.

"Mwanangu, la betri nilishakusamehe," akasema. "Lakini uliniona nimefurahi. Ulishindwaje kwenda kuuchomoa ule waya kimyakimya?"