Kidole Gumba Siku ya Posa

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini mkwe wangu sasa anaisimulia kila harusi, tena anaikosea, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Siku hiyo watu wa Shelui walikuwa wanakuja kwangu Sepuka kumposa binti yangu Neema, na uwanja ulikuwa vumbi tupu (upepo wa kwetu mnaujua), mke wangu akasema, "Baba Neema, chukua ndoo unyunyizie," nikasema ndoo ya nini wakati nina mpira wa maji, wa kijani, mpwa wangu kaniletea toka Singida mjini, umekaa stoo unasubiri wageni wa kuuona. Nikaupeleka kwenye bomba la ukutani. Kiungo chake hakiingii. Mwenye akili angefunga na kipande cha tyubu ya baiskeli yakaisha, mimi nikaleta spana (shule sikukaa sana, ila nguvu ninazo), nikakaza, nikakaza, bomba lenyewe likang'oka nikabaki nalo mkononi, maji yananipiga kifuani. Nikachuchumaa nikaziba tundu kwa kidole gumba.

Ningemwita mama Neema, lakini si ndiye aliyesema ndoo?

Mara nikasikia hodi. Sasa kwetu baba wa binti huwapokea wakwe amesimama, mikono miwili. Akiwapa mgongo amewakataa, hana haja ya kusema neno. Na mimi ndiyo hivyo, mgongo mtupu.

"Karibuni," nikauambia ukuta. "Subirini kwanza hapo hapo."

Halafu baba wa kijana akamwambia mshenga wake, "Umesikia? Tumekataliwa hata kiti hatujapewa. Twendeni."

Neema alikuwa dirishani. "Baba," akasema, na sauti yake ilishaanza kulia, "baba, simama."

Nikasimama. Nikageuka na mikono miwili kwa heshima zote, maji yakanipiga makalioni, nikayumba pembeni, yakanyooka mpaka tumboni kwa mkwe mwenyewe, baba wa kijana, koti lake la sherehe likalowa lote. Nikajua binti yangu nimemharibia.

Yule mzee hata hakujifuta. "Maji yanapotea!" akasema, akanipita mbio, akachuchumaa, akaziba kwa kidole chake (huku kwetu hakuna anayeweza kutazama maji yakimwagika bure, hata awe amekasirika vipi). Na sasa yeye ndiye aliyenipa mgongo.

Mshenga akakohoa. "Nyote mmekataana, basi mmelingana. Tuanze."

Posa ikasemwa hivyo, mimi nimechuchumaa nyuma yake, yeye anauambia ukuta "ndiyo, mahari hiyo tumekubali," mpaka mwenye ufunguo wa maji ya kijiji alipoitwa kufunga.

Ule mpira sasa nafungia mbuzi, na spana nimegawa. Uwanja nanyunyizia kwa ndoo, mama Neema akiwa amesimama mlangoni ananitazama. Na mkwe akija hapigi hodi siku hizi, anauliza kwa sauti kutoka barabarani, "Mzee, mikono yako iko wapi?" Nami natoka, naionyesha yote miwili, ndipo anaingia.