Kisiwa Kisichokua

Nililisikia ziwa kabla sijaliona. Lori lilinishusha asubuhi yenye ukungu, nikasimama na sanduku langu la bati, na kutoka mbele yangu ukaja mvumo mzito wa kuvuta na kuachia, kama upepo unavyopita juu ya msitu wa Magamba kule kwetu. Nikafurahi, nikajisemea kwamba kumbe huku nako kuna misitu. Niliufuata mvumo ule mpaka viatu vyangu vikaingia majini.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, Ziwa Victoria, katika kituo kidogo cha kuchunguza samaki. Nilikuwa kijana wa Mlalo, katika milima ya Usambara, mtoto wa wakulima wa viazi na kabichi, na maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona yalikuwa ya mto uliofurika masika. Ukungu ulipoinuka niliyaona maji yakienda, yakienda, mpaka yakagusana na mbingu. Nikatafuta ng'ambo. Kwetu kila kitu kina ng'ambo: ukisimama mlangoni unaona kilima cha pili, moshi wa jikoni kwa mtu, shamba la mtu. Pale hapakuwa na ng'ambo. Nilivua kofia bila kujua ninamvulia nani.

Ninaandika haya kwa ajili ya mpwa wangu Neema, na kwa yeyote anayetaka kuingia katika ziwa kubwa na chombo kidogo. Neema na rafiki yake wamepata mashua ya watu wawili kwenye ziwa lile lile, nao wanataka kuvua kwa ndoano. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amesema binti hatoki mpaka mjomba aseme neno. Kwetu Usambaani neno la mjomba lina uzito. Mama na binti walikuja kutoka Mponde, wakafikia kwangu, wakanipa siku tatu za kufikiri. Nikisema hapana, Neema atarudi kuchuma chai. Nikisema ndiyo na ziwa likamchukua, nitamtazamaje dada yangu?

Kazi yetu kituoni ilikuwa kuvua kwa mshipi wa mkono katika sehemu maalumu zilizowekewa maboya, kila siku ya kazi, kisha kupima urefu na uzito wa kila samaki na kumpasua kuona kama ana mayai. Aliyenifundisha alikuwa Nahodha wa kituo, mtu mfupi mwenye vidole vinene, mzaliwa wa visiwa vya ziwa lile. Aliposikia natoka Lushoto aliuliza kama ndiko kabichi zinakotoka. Nikamjibu ndiko. Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine ila Kabichi, na mpaka anastaafu barua zangu za likizo alizisaini huku akicheka.

Mwezi mzima hakuniruhusu kutupa ndoano. Alinipa mshipi wenye chubwi tu, kile kipande cha risasi kinachouzamisha, akaniambia nipime kina. Unaushusha mshipi huku ukiunyoosha kwa mikono miwili, na kila upana wa mikono ni pima moja. Kisha akanionyesha jambo ambalo mpaka leo likinijia mwili unasisimka. Alichukua sabuni ya mche, akaipaka kwenye kitako cha chubwi, akalishusha. Lilipopanda, sabuni ilikuwa imebeba chembe za mchanga mweupe. Tukapiga makasia kidogo, akalishusha tena, likaja na tope jeusi linalonuka. Mara ya tatu likaja safi, sabuni imekwaruzwa, maana yake ni mwamba. Kwa saa chache niliona sakafu ya ziwa, mabonde yake na vilima vyake, bila kuiona. Chini yetu kulikuwa na Usambara nyingine ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilima.

"Sato yuko mchangani na kwenye majani," alisema. "Sangara anapenda mwamba. Ukishajua nyumba ya mtu, Kabichi, utajua wapi pa kubisha hodi."

Basi mvuvi mpya, anza hivyo. Jua sakafu kwanza, chambo kitafuata. Kamba ya nanga iwe mara tatu ya kina, kwa sababu nanga inayoning'inia wima haishiki kitu. Mashuani usisimame hata samaki awe mkubwa kama ndama, mvute ukiwa umeketi. Wimbi lipokee kwa omo, yaani pua ya mashua, usilipe ubavu. Jaketi okozi livae ufukweni, kwa maana hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kulivaa akiwa anazama. Na ukiona moshi mweusi umesimama juu ya maji kama kijiji kinachoungua, usiogope, ni wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mamilioni. Mara ya kwanza kuuona nilimwomba Nahodha tukawaokoe watu. Alicheka mpaka akaliachia kasia.

Juu ya yote, jifunze upepo. Asubuhi unatoka nchi kavu na kukusukuma kwenda ndani, kwa hiyo kila kitu kinakuwa chepesi na unajiona hodari. Mchana unageuka na kuja kutoka ziwani. Aliye ndani sana wakati huo hurudishwa nyumbani kwa viboko. Kwa sababu hiyo Mkuu wa Kituo, mtu mrefu wa suruali zilizonyooshwa ambaye hakupandisha sauti kamwe, alikuwa na amri moja: mashua ndogo zote ziwe ufukweni kabla ya saa sita.

Mwaka wa pili Nahodha aliniamini, akaniacha niende peke yangu. Aliniagiza nivue kwenye boya la nne na nisivuke hapo. Nilifika mapema, maji yalikuwa yametulia kama chai iliyoachwa mezani, na mbele yangu nikakiona kisiwa. Niliona mawe yake. Niliona mti mmoja mmoja. Wavuvi walikuwa wakisimulia habari za sangara wa pale, nami nilitaka niwashangaze wote.

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa visiwani asingeweza kulifanya hata usingizini. Kwetu milimani, ukimwona mtu ng'ambo ya bonde unaweza kumwita kwa jina lake akaitika, lakini kumfikia ni nusu siku, kwa sababu lazima ushuke, uvuke mto, kisha upande kwa kona. Tangu utotoni niliamini kwamba kinachorefusha njia ni bonde. Na mbele yangu sasa hapakuwa na bonde. Hapakuwa na kona hata moja. Nikapiga hesabu ya mtu wa mlimani, nikaona ni nusu saa. Nikavuka boya.

Nilipiga makasia saa moja. Kisiwa kilikuwa pale pale, na ukubwa ule ule. Nikapiga saa ya pili. Nilipogeuka nyuma, pwani yetu ilikuwa imezama. Kulia maji, kushoto maji, na mbele kile kisiwa kisichokua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo hakuna mgongo wa mlima unaokushikia mbingu. Mbingu yote ilikuwa imeshuka mpaka chini, pande zote, na mimi nimekaa katikati yake juu ya mbao sita. Niliogopa, ndiyo. Lakini nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshazeeka: kabla ya woga ulikuja mshangao, na mshangao ule ulikuwa mtamu. Nilinyanyua makasia nikasikiliza. Hakuna jogoo, hakuna shoka, hakuna mtoto. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kanisani Mungu akiwa bado anapanga viti.

Kisha upepo ukageuka.

Sitaeleza sana. Mawimbi yalinigeuza ubavu, nikayachota maji kwa kopo mpaka mikono ikafa ganzi. Nahodha alipoona saa sita imepita alichukua mashua ya mashine, akavunja amri ile ile aliyotakiwa kuilinda, akanitafuta. Alinipata, akanifunga kwa kamba, akanivuta. Tulipokaribia pwani wimbi lilimtupa kwenye miamba, mashine ikang'oka ikazama. Mbavu zake mbili zilivunjika. Kituo kilikuwa na mashine moja tu.

Kesho yake Mkuu wa Kituo alituita ofisini. Nahodha alikaa akiwa amefungwa bandeji, akasema kwamba yeye ndiye aliyenituma kisiwani. Mkuu alikuwa na barua ya kumwachisha kazi mezani, ilibaki sahihi tu. Nilimtazama Nahodha, naye akatazama dirishani. Nikasema si kweli, mzee, nilivuka boya mwenyewe.

Mkuu aliweka kalamu chini. "Saa mbili zilipita na kisiwa hakikukaribia," alisema. "Kwa nini hukurudi?"

"Niliona aibu, mzee."

"Aibu ya nani? Hapakuwa na mtu."

Aliichana barua, akaniondoa mashuani kwa mwaka mzima, akanipeleka kwenye mwalo kupima samaki wa watu wengine. Mwalo ni pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, na kila siku walinisalimia kwa kuniuliza habari za kisiwani. Nahodha, mbavu zilipopona, alikuja akakaa kwenye ndoo karibu yangu. Nilimwomba msamaha. Akaniambia nipime samaki vizuri, mkia ule sijaunyoosha.

Baadaye nilirudi mashuani. Nilihamishwa mara tatu, nikawa mimi ndiye ninayefundisha, nikafikia kuitwa Nahodha. Miaka ya mwisho niliomba niimalizie Lushoto, nikawa ninawasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya sato, maji ambayo unaweza kuyazunguka ukiwa unakula muhindi. Sasa ninalima maharage. Watu huniuliza kama ninakumbuka ziwa. Mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hakikupata kutosha ndani yake. Ninachokumbuka ni udogo wangu, na jinsi ulivyonipumzisha.

Siku ya tatu nilimweleza Neema yote haya, mama yake akiwa amekaa kando akichambua mboga. Nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia habari ya boya, hata mke wangu marehemu. Nilimalizia kwenye swali la Mkuu. Nilitaka kumwambia Neema kwamba sina ruhusa ya kumpa, kwa kuwa kile kilichotaka kuniua hakikuwa wimbi bali aibu ya kurudi, na kuishinda aibu hiyo hakufundishiki.

Neema alikuwa anasafisha kucha. "Mjomba," alisema, "mwezi uliopita, nilipokwenda kuiona mashua, tuliingia ziwani na rafiki yangu. Tulikuwa hatujatupa hata ndoano. Nikaona maji yamebadilika rangi huko mbele, nikamwambia mwenzangu tugeuze."

"Kulikuwa na nini?"

"Sijui. Hakukuwa na kitu. Tulirudi, na mwalo mzima ukatucheka. Kuna mzee mmoja alituuliza kama tumesahau chumvi nyumbani." Alinitazama. "Nikacheka nao, mjomba. Tukaingia tena kesho yake."

Nilibaki nimemtazama binti huyu wa miaka ishirini na minne. Kitu nilichokinunua kwa mbavu za mtu mwingine, yeye alikuwa nacho tayari, na wala hakujua kama ni kitu.

Nikamgeukia dada yangu, nikamwambia kwa Kishambaa kwamba mimi sina neno la kumzuia. Aliendelea kuchambua mboga, na nilimwona akitupa majani mazuri na kubakiza vikonyo.

Asubuhi iliyofuata Neema alitoka na begi mgongoni, jaketi okozi limefungwa juu yake kwa kamba. Alinishika mkono, akasema shikamoo mjomba, nikaitika. Kwa mama yake alipiga goti, naye akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu. Kisha akamwachia. Tulisikiliza hatua zake zikishuka kuelekea stendi mpaka ukungu ukazimeza. Nilitaka kutoka nimsindikize hata kwa macho, lakini dada yangu alinitangulia, akaurudisha mlango taratibu, akaufunga.